Kabla ya kumnunulia mzazi kifaa cha kuelekeza njia garini

BARABARA za Kenya zimebadilika kwa kasi kiasi kwamba dereva aliyeanza kushika usukani miaka ya 1970 anaweza kupotea katika jiji analolijua tangu ujana wake.

Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka wa 2012, njia nyingi za kuingilia na kutokea zilizozoeleka zilitoweka. Zikaja barabara za kuepuka katikati ya jiji la Nairobi, na mwaka wa 2022 magari yakaanza kupita juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Huko Mombasa nako, barabara ya Dongo Kundu imempa dereva njia ya kufika Kwale bila kuabiri feri ya Likoni.

Kijana akikosa njia hugeuza gari akaendelea na safari. Mzee wa miaka 70 akikosa njia mara mbili au tatu, hasa magari ya nyuma yakimpigia honi, huingiwa na hofu. Hofu hiyo ikikita mizizi, huanza kupunguza safari. Kwanza huacha kuendesha usiku, kisha huacha kwenda mjini, na hatimaye hukosa kliniki, mazishi ya rafiki na hata arusi ya mjukuu kwa kuogopa kupotea.

Ndiyo maana baadhi ya watoto huamua kumnunulia mzazi, babu au nyanya kifaa cha kuelekeza njia kwa msaada wa setilaiti. Nia huwa njema. Hata hivyo, si ajabu kifaa hicho kutumika wiki moja tu, kisha kikasahaulika ndani ya gari pamoja na karatasi kuukuu za bima.

Sababu kuu ni kwamba mnunuzi huchagua kwa macho yake mwenyewe, masikio yake na vidole vyake. Huvutiwa na kifaa chenye mambo mengi, ilhali atakayekitumia anahitaji kifaa chenye mambo machache yanayofanya kazi kila mara.

Kuelekeza si kufuatilia

Jambo la kwanza ni kufahamu kinachonunuliwa. Katika maduka mengi nchini, anayeitisha 'GPS ya gari' huenda akaonyeshwa kifaa cha kufuatilia gari. Hicho hufichwa ndani ya gari, huwekwa laini ya simu na kupeleka habari za mahali gari lilipo kwa mwenyewe, kwa kampuni ya bima au kwa mkopeshaji. Hakimwelekezi dereva popote.

Kifaa cha kuelekeza njia huwa na skrini na sauti. Kazi yake ya msingi ni kupokea mawimbi ya setilaiti za mfumo wa GPS, ambazo humilikiwa na serikali ya Marekani na huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila setilaiti hubeba saa yenye usahihi mkubwa na hutangaza wakati bila kukoma. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yamechukua kufika, na kikipata mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua mahali kilipo.

Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa mwaka wa 1978. Kwa miaka mingi Marekani iliyavuruga kimakusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hivi kwamba vifaa vingeweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa Mei 2000, na baada ya hapo vifaa vya kutumia garini vikaanza kuenea. Siku hizi vifaa vingi hupokea pia mawimbi ya mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina.

Mawimbi hayo hayalipiwi, wala hayahitaji intaneti. Kinachoweza kulipiwa ni ramani, na kinachohitaji intaneti ni habari za misongamano ya magari. Anayefahamu tofauti hiyo hatadanganywa na mwuzaji kwamba kila mwezi kuna ada ya setilaiti.

Iwapo familia inataka pia kujua mzee yuko wapi, hilo ni jambo tofauti na lapaswa kuzungumzwa naye waziwazi. Kumfichia mzazi kifaa cha kumfuatilia kwa kisingizio cha kumnunulia kielekezi ni kumvunjia heshima, na akigundua huenda akavikataa vyote viwili.

Skrini ya gari kutoka Japani

Wakenya wengi huendesha magari yaliyotumika nchini Japani kabla ya kuletwa bandarini Mombasa. Mengi huja na skrini katikati ya dashibodi, na familia hudhani kwamba tayari gari lina kielekezi.

Kwa kawaida ramani iliyomo ndani ya mtambo huo ni ya Japani pekee, maandishi ni ya Kijapani, na sauti inayosikika gari linapowashwa ni ya lugha hiyohiyo. Wakati mwingine kadi ya ramani huwa imeondolewa, na skrini hubaki ikidai kadi hiyo au neno la siri. Kubadilisha lugha hakuleti ramani ya Kenya.

Walio na gari la namna hiyo wana njia tatu: kubadilisha mtambo wote wa dashibodi kwa fundi anayeaminika, kununua kifaa cha kubandika kiooni, au kutumia simu ya mkononi. Kwa mzee, njia ya pili na ya tatu ndizo zinazostahili kulinganishwa kwa makini.

Simu au kifaa maalumu?

Simu ina ubora wake. Ramani za Google, kwa mfano, hazilipiwi, husasishwa mara kwa mara na huonyesha msongamano uliopo wakati huohuo. Mzee aliyezoea simu ya kisasa, anayetuma picha na kupiga simu za video bila kusaidiwa, pengine hahitaji kununuliwa kitu kingine isipokuwa kishikizo imara na chaja ya gari.

Lakini simu ni chombo cha kazi nyingi. Katikati ya makutano yenye magari mengi, mtu anapiga, ujumbe wa M-Pesa unaingia, na ramani inafunikwa. Mzee huinua mkono kufuta ujumbe huo, na macho yakaacha barabara. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kutazama simu ni mita 44 za kuendesha bila kuona.

Isitoshe, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 zilimtoza dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo faini ya Sh2,000. Anayetegemea simu kumwelekeza hana budi kuiweka kwenye kishikizo na kuchagua mahali anapokwenda kabla ya kuondoka.

Kifaa maalumu hufanya kazi moja. Hakipigiwi simu kisipounganishwa na simu, hakihitaji data za intaneti ili kuonyesha njia, na huwaka chenyewe gari linapowashwa kikiwa kimechomekwa. Udhaifu wake ni kwamba kina bei, ramani yake huchakaa, na vingi havifahamu msongamano wa magari visipounganishwa na intaneti. Kwa mzee asiyeipenda simu, udhaifu huo huvumilika.

Macho ya mzee

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kushindwa kubadilisha mtazamo upesi kutoka mbali hadi karibu. Mzee anapotoa macho barabarani na kuyashusha kwenye skrini, maandishi huchelewa kumkalia sawa, na akiyarudisha barabarani huchelewa tena.

Vilevile, mwanga unaofika ndani ya jicho hupungua. Jicho la mtu wa miaka 60, hata likiwa na afya, hupokea takriban thuluthi moja tu ya mwanga ambao jicho la kijana wa miaka 20 hupokea. Aliyeanza kupata mtoto wa jicho hutatizwa pia na mng'ao wa taa usiku.

Kwa sababu hiyo, skrini ya inchi sita au saba inafaa kuliko ya inchi nne au tano. Lakini ukubwa pekee hautoshi. Kuna skrini pana zilizojazwa matangazo ya hoteli, vituo vya mafuta na vibonzo vya magari kiasi kwamba mshale wa njia haupatikani. Kinachotakikana ni mshale mkubwa, jina la barabara kwa herufi nene, umbali uliosalia hadi kona inayofuata, na mengine yote yawe yanaweza kuondolewa.

Skrini ijaribiwe juani, kwani iliyo hafifu haionekani saa sita mchana. Usiku nako iwe inajigeuza kuwa nyeusi yenyewe, isije ikamwaga mwanga usoni pa dereva.

Jambo ambalo wengi husahau ni miwani. Wapo wazee wenye miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali. Kifaa kisomeke kwa miwani ileile ambayo mzee huvaa anapoendesha, katika umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama inambidi abadilishe miwani, kifaa hicho hakimfai.

Sauti inayosikika

Kifaa kizuri humwezesha dereva kufika bila kukitazama sana, kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo sauti ni muhimu kuliko picha.

Uzee huanza kuondoa uwezo wa kusikia sauti nyembamba kabla ya sauti nzito. Ndiyo maana mzee husema anasikia watu wakizungumza lakini hapati maneno. Sauti nyembamba ya kike inayomfurahisha kijana dukani inaweza kuwa mlio usioeleweka kwa babu yake. Afadhali kifaa chenye sauti kadhaa za kuchagua, ikiwemo sauti nzito, na spika yenye nguvu ya kushinda kelele za injini na upepo.

Kuna pia suala la lugha. Vifaa maalumu vingi havina sauti ya Kiswahili. Mzee anayekifahamu Kiingereza lakini kwa lafudhi ya hapa nyumbani anaweza kutatizwa na matamshi ya kigeni ya majina kama Ngong, Murang'a au Kakamega. Asikilizishwe kabla ya pesa kutolewa.

Kifaa kilicholetwa na jamaa kutoka Marekani au Uingereza aghalabu huhesabu umbali kwa maili. Kigeuzwe kihesabu kwa kilomita, la sivyo mzee atakayeambiwa apinde baada ya nusu maili atatarajia kona mita 300 kabla ya kuifikia.

Vidole navyo

Skrini za simu na za vifaa vingi vya kisasa hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme. Ngozi ya vidole vya mzee ikiwa kavu au yenye sugu, skrini huweza kukosa kumtambua, naye hubonyeza kwa nguvu zaidi bila mafanikio. Baadhi ya vifaa hutumia skrini inayoitikia msukumo, ambayo hukubali kucha, kalamu butu na hata mkono uliovaa glovu.

Anayetetemeka mikono ahitaji vitufe vikubwa vilivyoachana. Kuamuru kwa sauti kunaweza kusaidia, lakini kujaribiwe na mzee mwenyewe, kwa kuwa vifaa hivyo mara nyingi havielewi lafudhi wala majina ya vijiji vyetu.

Ramani ya nchi gani, ya mwaka gani?

Kifaa bila ramani ya mahali ni sanduku tupu. Vifaa vinavyouzwa Ulaya hujazwa ramani za Ulaya, na vya Marekani hujazwa za Amerika Kaskazini. Vikiwashwa Nairobi, huonyesha gari likielea katika uwanja mtupu. Mtu aliye ng'ambo anayetaka kumtumia mzazi zawadi na ahakikishe kwanza kwamba ramani ya Kenya inapatikana kwa kifaa hicho na bei yake ni ngapi.

Kwa vifaa vya Garmin, kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Tracks4Africa hutengeneza ramani za nchi za Afrika, zikiwemo barabara za mashambani na za mbugani. Nazo programu kadhaa za simu hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Ni kwa juhudi za namna hiyo vijana wa Kibera walipoanza kuchora mtaa wao mwaka wa 2009, ambapo awali ramani nyingi ziliuonyesha kama eneo tupu.

Njia ya haraka ya kupima umri wa ramani ni kutafuta ndani yake kitu kinachojulikana mwaka wake. Ikiwa haina Nairobi Expressway, ramani hiyo ni ya kabla ya 2022. Kisha itafutwe barabara ya kwao na mzee. Kama barabara ya lami iliyojengwa kuelekea kijijini haimo, itabidi kutafuta ramani nyingine.

Maneno 'ramani za maisha' kwenye kasha yasomwe kwa tahadhari. Mara nyingi maana yake ni maisha ya kifaa kwa jinsi mtengenezaji anavyoyapima, si maisha ya mnunuzi. Kampuni ikiacha kukihudumia kifaa, ramani mpya nazo hukoma.

Hatari ya mitumba

Vifaa vilivyotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini rahisi huvunja upishi. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha hurudi sufuri, jambo linalotukia karibu kila miaka 20. Ilitokea Agosti 1999 na ikatokea tena usiku wa Aprili 6, 2019.

Vifaa vya zamani ambavyo programu zake hazikusasishwa vilianza kuonyesha tarehe isiyo sahihi na saa za kufika zisizo na maana. Baadhi vilishindwa kabisa kupata setilaiti. Anayenunua kifaa cha kale akiwashe nje ya duka, chini ya anga wazi, na atazame mambo mawili: kama kinajua mahali kilipo, na kama tarehe ni ya leo.

Betri pia huchakaa. Hata kipya, kifaa cha garini hudumu saa chache tu bila waya, hivyo tundu la umeme la gari la mzee likaguliwe kama linafanya kazi.

Nyumba zisizo na anwani

Vifaa hivi vilibuniwa kwa miji ambako kila nyumba ina nambari na kila kichochoro kina jina. Nchini Kenya watu huelekezana kwa kanisa, msikiti, mti mkubwa au duka la fulani. Mzee akiandika jina la mahali peke yake, anaweza kupelekwa kwingine. Kuna Makutano huko Pokot Magharibi, kuna Makutano mjini Meru, na kuna Makutano ya njia ya kwenda Embu. Majengo nayo ni jina la mitaa katika miji kadhaa.

Suluhisho ni mtoto kumwandalia mzazi orodha ya mahali anapokwenda, wakiwa pamoja garini. Wafike kwenye lango la hospitali, wasimamishe gari, na mahali hapo pahifadhiwe kwa jina ambalo mzee hulitumia. Iwe 'Kwa Daktari', 'Kanisani', 'Kwa Shangazi', 'Nyumbani'. Orodha ya mahali kumi humtosha mtu kwa safari nyingi za maisha yake, na hatahitaji kuandika chochote.

Anayehifadhi mahali kwa nambari za latitudo na longitudo awe mwangalifu, kwa kuwa Kenya hukatwa na ikweta. Nairobi iko takriban digrii 1.29 kusini na digrii 36.82 mashariki, na katika vifaa vingi kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika, kifaa hakitakwenda Nairobi bali kaskazini mwa Maralal katika Kaunti ya Samburu, zaidi ya kilomita 280 kutoka jijini.

Mipangilio ya kurekebisha

Kifaa kikitoka dukani huwa kimepangwa kutafuta njia ya haraka au fupi, bila kujali aina ya barabara. Njia fupi inaweza kumpitisha mzee katika udongo mweusi wa mfinyanzi msimu wa masika. Palipo na chaguo la kuepuka barabara zisizo na lami, liwashwe, kisha ijaribiwe kama nyumbani kwake bado panafikika.

Chaguo la kuepuka barabara za kulipia liamuliwe naye mwenyewe. Kuna wanaopenda kulipa ili waepuke msongamano wa Mombasa Road, na kuna wanaoiogopa barabara ya juu kwa kuwa akikosa mahali pa kutokea hawezi kugeuza. Hali ni hiyo kuhusu feri.

Onyo la mwendo kasi ni la manufaa, ila lisiwe linalia kila mara hata dereva akalizoea. Na kwa vyovyote, kibao kilicho barabarani ndicho cha kufuatwa, kwa sababu viwango vya mwendo vilivyo katika ramani huweza kuwa na makosa.

Kukibandika na kukitoa

Kifaa kiwekwe chini kwenye kioo cha mbele, upande ambao hakizibi barabara wala vioo vya pembeni, na mbali na mahali mfuko wa hewa wa kuokoa maisha hufumukia. Waya usipite karibu na usukani au gia.

Gari likiegeshwa, kifaa kitolewe. Jua la mchana huharibu betri na kulainisha mpira wa kishikizo, na kifaa kilichoachwa kiooni humwita mwizi. Ikiwa mzee anatatizika kukibandua, kichaguliwe kinachoshikwa kwa sumaku.

Masomo kabla ya safari

Kosa kubwa ni kumkabidhi mzee kifaa asubuhi ya safari ndefu. Mafunzo yaanzie kwenye njia anayoijua fika, kama vile ya kwenda sokoni, ili aone jinsi sauti inavyotangulia kona na kwa umbali gani. Mara ya pili aendeshe mtoto akiwa kimya kando yake. Mara ya tatu aende peke yake.

Afundishwe mambo matatu tu: kuchagua mahali katika orodha, kuongeza au kupunguza sauti, na kurudi kwenye ukurasa wa kwanza. Hatua hizo ziandikwe kwa kalamu nene kwenye kadi itakayokaa garini.

Afahamishwe pia kwamba akikosa kona hapaswi kufunga breki wala kurudi nyuma. Aendelee mbele polepole, na kifaa kitatafuta njia nyingine. Wengi wa wazee huogopa kifaa kwa kudhani kwamba kosa moja limeharibu safari yote.

Juu ya yote, aambiwe wazi kwamba macho yake ndiyo mkubwa wa kifaa. Mvua kubwa za 2024 zilipokata barabara na kubomoa madaraja katika sehemu nyingi za nchi, ramani zilizomo ndani ya vifaa hazikuwa na habari. Maji yakionekana yakipita juu ya barabara, au kifaa kikimwamuru aingie njia asiyoiamini, asimame mahali salama na aulize watu. Kuuliza si ujinga.

Pale kifaa kisipofaa

Kuna swali moja linalopaswa kujibiwa kabla ya kwenda dukani, nalo ni hili: mzee hupotea wapi?

Anayepotea katika barabara mpya, kwenye njia za kupanda na kushuka zilizojengwa juzi, ana tatizo la barabara. Kifaa kitamsaidia. Lakini anayepotea akitoka kanisani alikosali kwa miaka 30, anayechelewa kurudi bila kuweza kueleza alikokuwa, anayechanganya breki na kanyagio la mafuta, au ambaye gari lake linazidi kuwa na mikwaruzo mipya, ana tatizo ambalo setilaiti haiwezi kulitatua.

Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Zinaweza pia kutokana na mambo yanayotibika, kama vile dawa zinazogongana mwilini, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, msongo wa moyo au macho yaliyofifia. Kumpa mtu huyo kielekezi ni kuificha dalili kwa miezi kadhaa huku akiendelea kuwa barabarani, kwa hatari yake na ya wengine.

Hatua inayofaa ni kumpeleka kwa daktari na kupimwa macho, kwa upole na bila kumnyang'anya funguo mbele ya wajukuu. Iwapo daktari atashauri aache kuendesha, familia ipange mapema nani atakuwa akimpeleka kliniki, sokoni na kanisani au msikitini, na siku zipi, ili kuacha gari kusiwe mwanzo wa kufungiwa nyumbani.

Na iwapo atapatikana yuko sawa, basi aende dukani yeye mwenyewe. Avae miwani yake ya kuendeshea, asome skrini kwa umbali wa mkono, asikilize sauti mlango ukiwa wazi na magari yakipita, kisha achague mahali pa kwenda bila kusaidiwa na mtu. Kifaa kitakachofaulu majaribio hayo matatu mikononi mwake ndicho cha kulipiwa, hata kama mtoto alikuwa amependa kingine.